Usiende kunywa chai ukiwa na njaa

Mara yangu ya kwanza kuingia mgahawa wa Kikantoni, Jumapili asubuhi, nilikunywa maji ya kuoshea vyombo. Sitanii. Mhudumu alileta buli, nikajimiminia kikombe, nikapiga mafunda mawili, huku nikijisemea moyoni kwamba chai ya hawa watu kweli haina ladha. Mama aliyenialika, mfanyabiashara wa Moshi aliyeanza kuja Guangzhou, huku China kusini, tangu mimi niko sekondari, akanishika mkono. "Mwanangu, tua hicho kikombe. Hiyo ya kwanza ni ya kusuuzia."

Akanionyesha. Kikombe unakilaza ndani ya bakuli lako, unakimiminia chai ya moto, unakizungusha kwa ncha za vidole, unachovya kijiko, unasuuza vijiti, kisha maji yote unayamwaga kwenye bakuli kubwa lililoko katikati ya meza. Vyombo vimeshaoshwa jikoni, kila mtu anajua. Lakini hakuna anayeanza kabla ya kufanya hivyo, kama kwetu usivyotia mkono kwenye sinia kabla jagi na beseni la kunawia havijapita. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeyanywa.

Wengi wetu tukifika Guangzhou kununua bidhaa tunaishia Xiaobei, mtaa wanakojaa Waafrika. Pale kuna wali, kuna nyama choma, kuna Waarabu, kuna Wahui, yaani Wachina Waislamu, na tambi zao, na ukitulia barabarani dakika tano utasikia Kiswahili. Mtu anakaa wiki tatu, ananunua mabegi Guihuagang na viatu Zhanxi, anafunga mzigo, anarudi Kariakoo bila kuonja chakula cha mji wenyewe. Simlaumu, maana hela ya safari haikuletwa kwa ajili ya kula. Ila wale wachache waliojaribu hurudi na lalamiko lile lile: visambusa vya kitoto, umekula kumi na viwili bado unatafuta ugali. Hapo ndipo ninapobishana nao. Walienda na njaa, wakaenda wawili, tena wakiwa na miadi na mtu wa kontena saa tano.

Wenyeji wenyewe wakikualika hawasemi twende tukale dim sum. Wanasema twende yam cha, yaani tukanywe chai, na dim sum ni vile vitafunio vinavyoisindikiza. Hata bili inakuambia hivyo: kila aliyekaa mezani anatozwa pesa ya chai kwa kichwa, hata kama hajagusa kitu. Nimeshaona Mtanzania mwenzangu akigombana na mhudumu kwa pesa hiyo, akidhani ameibiwa. Wazee wa pale wana msemo wao wa Kikantoni, kikombe kimoja na vipande viwili, na ndivyo wanavyofanya kweli: chai, vikapu viwili vya vitafunio vya mvuke, gazeti, asubuhi imekwisha. Mji huu umekaa na desturi hiyo muda mrefu. Mgahawa wa Tao Tao Ju ulifunguliwa mwaka 1880, na wageni wengi hupelekwa huko kwanza.

Mimi napenda kwingine. Ni ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, meza za duara zenye kioo cha kuzunguka katikati, vitambaa vya meza vilivyofuliwa hadi rangi imekimbia, na kelele za kukufanya umwinamie jirani ndipo umsikie. Kelele hizo ndizo ninazozitafuta. Mgahawa wa chai wa Kikantoni ulio kimya Jumapili saa tatu asubuhi una tatizo, na tatizo hilo kwa kawaida liko jikoni.

Unapewa karatasi na penseli, unaweka tiki. Hapa napo kuna mtego. Karatasi imegawanywa makundi: ndogo, ya kati, kubwa, maalumu. Mara ya pili nilipokwenda nilijidai mjuaji, nikatia tiki kwenye "kubwa" peke yake kwa sababu nilitaka kushiba. Vikaja vikapu vya ukubwa ule ule. Majina hayo ni madaraja ya bei, si kipimo cha chakula.

Sasa, ukitaka kujua kama umeingia pazuri, usianze na vitu vya ajabu. Agiza har gow, kile kimfuko chenye kamba wa baharini ndani. Ganda lake halitengenezwi kwa unga wa ngano wa kawaida bali kwa wanga wa ngano, unaopikwa kwa maji yanayochemka palepale kwenye bakuli, ukandwe ungali moto, kisha kila kidonge kisambazwe kwa ubapa wa kisu kisichokata, kilichopakwa mafuta. Mpishi analikunja upande mmoja tu. Wanaojua huhesabu mikunjo, na chini ya saba wanakunja wao uso. Likiiva linakuwa kama kioo chenye ukungu, rangi ya waridi ya kamba inaonekana ndani. Linyanyue kwa vijiti. Likipasuka, ganda ni baya au limekaa kwenye mvuke kupita kiasi. Likibaki kwenye karatasi ya kikapu nawe umeshika kofia tu, lipa uondoke. Lililo sawa linanyanyuka zima, na ukiliuma kamba anakatika kwa mlio mdogo.

Miguu ya kuku ndiyo iliyonishinda kuamini. Kwetu tunaijua, inauzwa jioni pembeni mwa barabara, au inatiwa kwenye supu, na kuna watu wanaona haya kuonekana wanaila. Kwenye orodha ya pale haiitwi miguu, inaitwa makucha ya feniksi, yule ndege wa hadithi, na inahudumiwa kwa heshima ya jina lake. Inakaangwa kwanza mpaka ngozi itutumke, inalowekwa kwenye maji ili ngozi hiyo ilegee na kujikunja, inachemshwa na viungo, na mwisho inapigwa mvuke pamoja na maharage meusi ya soya yaliyochachushwa. Kazi yote hiyo kwa kitu ambacho sisi tunatupia mchuzi na chumvi! Mama wa Moshi anakula bila kuweka chini, anaingiza kidole kimoja cha kuku mdomoni, shavu linacheza kidogo, kisha anatoa vifupa vitatu visafi kama meno.

Cheung fun nayo ni ya kwetu, ila haijui. Ni uji wa mchele uliosagwa, unamwagwa mwembamba kwenye trei, unapigwa mvuke, unakunjwa na kamba au nyama ndani, na kunyunyiziwa mchuzi wa soya wenye utamu kidogo. Mtu wa pwani aliyekulia vibibi hahitaji kufundishwa. Atauliza tu nazi iko wapi.

Kwa ndugu zangu Waislamu nisiwadanganye: nguruwe yumo karibu kila kikapu. Siu mai ni kitimoto na kamba, maandazi yale meupe yaliyopasuka juu ni kitimoto ya kuchoma, na hata har gow inayoonekana ya kamba mtupu, kwa mapishi ya kale hutiwa vipande vya mafuta ya nguruwe ndani, na mafuta hayo hayo huweza kuwemo kwenye ganda. Kuuliza "kuna nyama?" hakusaidii, maana jibu litakuwa hapana na mwenye kujibu hasemi uongo kwa hesabu zake. Tafuteni migahawa ya Wahui, au kaeni na chai na vitamu, navyo viulizieni mafuta.

Watu wananiambia niende siku za kazi, hakuna foleni. Nimekwenda. Siku za kazi mgahawa ni wa wastaafu, kila mmoja na gazeti lake, na ni pazuri kama ukumbi wa kusubiria ulivyo mzuri. Jumamosi na Jumapili ndipo familia inapokuja nzima. Bibi anakalishwa upande usio na upepo. Watoto wake wazima wanagombania kummiminia. Akimiminiwa, haachi mazungumzo, anagonga meza kwa vidole viwili tu, ndiyo asante. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong aliwahi kusafiri kwa kujificha, akammiminia mtumishi wake chai, na mtumishi, asiweze kupiga magoti hadharani, akapigisha vidole magoti. Hadithi ni tamu, iwe kweli isiwe. Buli likiisha, hawaiti mtu: wanafungua kifuniko na kukiegemeza pembeni, mhudumu akipita analijaza.

Nimekulia karibu na baraza la kahawa, najua raha ya kikombe kidogo, kashata na maneno yasiyo na haraka. Nilipoona ukumbi ule nikasema hili ni baraza. Halafu nikatazama vizuri. Kwenye baraza letu mama yangu hakuwahi kukaa. Alikuwa anasikia vicheko kutoka ndani, akikaanga. Hapa bibi ndiye mwenyekiti, mjukuu wa miaka minne yuko mapajani anavunja kikeki cha yai, na mkwe wa kike anapinga jambo kwa sauti kubwa kuliko wanaume wote mezani. Foleni ya dakika arobaini naikubali kwa ajili ya kuona hayo.

Nisichokikubali ni kile nilichokutana nacho kwenye ukumbi mmoja wa kifahari ndani ya jengo la maduka. Hakuna karatasi wala penseli, unaskani msimbo kwa simu, menyu yote ni Kichina, na kabla hatujasuuza vikombe tukaarifiwa kwamba wikendi meza ni yetu kwa saa moja na nusu tu. Har gow yao ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Lakini chai ya kunywa huku unatazama saa, hiyo ningeinywa Kariakoo nikiwa nimesimama.

Safari iliyopita tulikwenda sita, na Mama wa Moshi akiwa mkubwa wetu. Tulikaa mpaka saa saba mchana. Vikapu vilipanda hadi tukashindwa kuonana, mtu wa kontena akapigiwa akaambiwa kesho. Nilikuwa nimejipanga kulipa, nimeshaandaa na hoja, maana pale kugombania bili ni nusu ya adabu. Mama akaomba njia aende msalani. Akarudi na kopo la plastiki alilopewa kaunta, akaanza kupanga vipande vitatu vya mkate wa figili vilivyobaki. "Vya usiku hotelini," akasema. Nikainua mkono kumwita mhudumu, naye akacheka, akamwonyesha Mama kwa kidevu. Ilikuwa imeshalipwa.