Kutoa ni moyo, lakini choo kimejaa

Nilipokuwa kidato cha pili, shule yetu ilipanga ziara ya makao ya mayatima. Kila mwanafunzi alete mche wa sabuni na pakiti ya biskuti. Tukapanda basi tukiimba, tukapokewa na watoto waliopangwa mistari miwili kwenye jua la saa sita, wakatuimbia, tukawaimbia, halafu zikaja picha. Mimi na mwenzangu tukatumwa kupeleka maboksi stoo. Mama mlezi alipofungua mlango, sabuni ilikuwa imepangwa mpaka karibu na dari. Miche ya chini ilishakauka, ikaanza kupasuka. Yule mama akacheka, kile kicheko cha mtu anayeona haya kwa niaba yako, akasema: "Wanangu, Mungu awabariki. Sabuni tunayo. Choo ndicho kimejaa, na pesa za gari la kunyonya hatuna."

Tukaweka maboksi yetu juu ya mengine tukatoka. Mwalimu hatukumwambia. Basi lilishawashwa.

Leo mimi ndiye mwalimu, hapa hapa kisiwani Mombasa, na kila Ramadhani inapokaribia, au muhula ukienda ukingoni, naiona stoo ile. Maana ziara zetu hazijabadilika. Labda biskuti zimebadilika jina.

Pwani kutoa tunakujua. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" tumelikuta, na Ramadhani sahani za futari huvuka ua hadi ua mpaka hujui tena kaimati unazokula zimetoka kwa nani. Moyo watoto wetu wanao. Wasichopewa ni nafasi ya kuuliza. Mwalimu mkuu anaamua, wazazi wananunua, mwanafunzi anabeba. Kisha tunasema tumemfundisha ukarimu, kumbe tumemfundisha uhamali.

Kuna kisa cha Busia ambacho huwasimulia darasani. Miaka ya 1990 shirika moja la misaada liligawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za huko. Watafiti, akiwamo Michael Kremer ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, wakalinganisha shule zilizopata vitabu na zile ambazo bado. Nani atakataa vitabu? Lakini alama za wastani hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakiongoza tangu zamani. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Wanafunzi wangu hucheka nikifika hapo, kisha hunyamaza, kwa sababu kila mmoja anakijua kitabu chake mwenyewe asichokielewa.

Huko huko Busia watoto walipopewa dawa za minyoo shuleni, utoro ulipungua kwa takriban robo. Wachumi wamebishana miaka mingi juu ya ukubwa wa faida zake, na hilo nalo nawaambia, wasije wakadhani kipimo kimoja kimemaliza mambo. Ila angalia: kidonge cha minyoo hakina picha. Hakuna mgeni rasmi wa kukikabidhi.

Na asiniambie mtu kwamba hesabu hizi ni za wazungu. Zaka haijawahi kuwa ya kurusha popote. Aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba inataja makundi manane ya wanaostahiki, na hata zakatul-fitri ya pishi moja ina saa yake: kabla ya sala ya Idi, ili nayo imfikie mtu akiwa bado anaihitaji. Kuhusu picha, Injili ya Mathayo na hadithi za Mtume zote zina mkono wa kushoto usiojua wa kulia umetoa nini. Sisi mkono wa kushoto ndio ulioshika simu.

Basi Ramadhani iliyopita nikawajaribu wanafunzi wa kidato cha tatu. Walichanga wenyewe shilingi 6,450. Pendekezo la kwanza, bila ya kufikiri: unga, sukari, mafuta. Nikawaambia sawa, lakini kwanza wawili waende wakaulize. Bila sare, bila simu. Mzee wa nyumba kumi upande wa Likoni akawapeleka kwa mama mmoja anayekaanga viazi karai, ambaye biashara yake ilikuwa imesimama. Unga alikuwa nao, tena wa watu watatu tofauti. Mtungi wake wa gesi ndio haukuwapo. Ulikuwa rehani dukani, kwa deni la shilingi 3,200.

Waliporudi darasani ukazuka ugomvi ambao hakuna somo langu lililowahi kuuzusha. Msichana mmoja akasema kulipa deni la mtu si sadaka, ni kumpa mwenye duka pesa. Mvulana wa nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia kipindi kile, akainua kichwa: "Mwalimu, wenye madeni si wamo katika wale wanane?" Mwingine akauliza, akikopa tena je? Sikuwa na jibu. Wakapiga kura, deni likalipwa dukani moja kwa moja, na pesa iliyobaki wakaipeleka kwenye nauli ya mwenzao aliyekuwa akikosa shule siku mbili tatu kila wiki. Huyu walikaa naye dawati moja muhula mzima wasijue.

Mwenzangu mmoja katika ofisi ya walimu hakufurahi. Akasema nawafundisha watoto kuchungulia vyungu vya watu, kwamba maskini naye ana stara yake. Neno lake limenikaa, na ndilo lililonifanya nikataze simu na sare, na nisiwapeleke arobaini kwa pamoja. Lakini mistari miwili juani wakiimbia wageni, ile ndiyo stara? Yule mama wa viazi aliulizwa mlangoni kwake na watoto wawili, akajibu alichotaka kujibu.

Nikampa kila mmoja wa wale wawili daftari la kurasa 48. Humo kuna tarehe ya kulipa deni, kisha kurasa tupu. Walipanga wenyewe kurudi baada ya miezi mitatu kuona kama karai bado liko motoni, na yule msichana aliyepinga ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba haitakuwa. Jumamosi hii ndiyo siku. Niliahidi kuwalipia nauli ya kuvuka, wakanikumbusha kwamba kwa mtembea kwa miguu feri ni bure, kwa hiyo nimewekewa deni la viazi karai vya watu watatu, kama vipo.