Jibu lilikuwepo, limezikwa chini ya "asubuhi njema"

Jamani, mpaka lini? Mtu anauliza kwenye grupu la WhatsApp la watengeneza programu: Laravel yangu (kiunzi cha kutengenezea tovuti) ndani ya Docker (inayoendesha kila programu kwenye chumba chake, yaani kontena) inatoa "SQLSTATE[HY000] [2002] Connection refused", yaani imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata, nifanyeje? Anajibiwa vizuri kabisa: kwenye faili la mipangilio, .env, kwenye DB_HOST (anwani ya hifadhidata) usiweke 127.0.0.1, maana ndani ya kontena anwani hiyo ni kontena lenyewe. Weka jina la huduma ya hifadhidata lililo kwenye faili la docker-compose.yml, kisha endesha amri php artisan config:clear. Dakika 10 baadaye: stika 14, tangazo la kiwanja, "asubuhi njema wadau". Jibu kwaheri.

Kesho yake anaingia mwingine. Swali lile lile! Keshokutwa mwingine! Yule anayejua ajibu mara ngapi, mpaka vidole viote sugu? Akichoka akanyamaza, tunasema anaringa.

Na msiniambie tutafute. Tutafute nini, wakati jibu lilitolewa kwa ujumbe wa sauti wa dakika 4 na picha ya skrini iliyopigwa kwa simu? Google haioni yaliyomo kwenye grupu la WhatsApp. Slack ya bure, ile programu ya gumzo la kazini, inaficha ujumbe uliozidi siku 90. Maarifa yote hayo, shimoni!

Gumzo libaki kwa yanayopita: seva imeanguka, mkutano saa ngapi. Swali lenye jibu la kudumu liende jukwaani, yaani tovuti ya maswali na majibu inayotafutika, lipewe kichwa chenye maneno ya kosa lenyewe, jibu sahihi litiwe alama. Grupuni tupa kiungo tu. Kazi ya dakika 3, wadau, inatushinda nini?