Mwalimu asiye na darasa ni wa nani?

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kike kanitumia voisi ya dakika saba WhatsApp, nusu anacheka nusu analalamika. Yeye ni mwalimu huko Morogoro vijijini, darasa la tatu, watoto 91 na madawati ya kuhesabu. Mi nilikuwa nimemsimulia kuhusu walimu fulani wa huku Nyuzilandi ambao hawana darasa, kazi yao ni kuzunguka shule kumi na kitu wakisaidia walimu wenzao wenye watoto waliokwama kusoma au waliowashinda kwa utundu. Akasema, "Kaka, huyo mtu kwetu hamalizi wiki. Jumatatu anaripoti, Jumatano hedi kashampa Kiswahili la pili B na zamu juu."

Nimecheka lakini nikakaa nayo hiyo sentensi siku nzima, kwa sababu ndo penyewe hapo. Watu tukiwa nje tunapenda kusema huku wana hela ndo maana. Hela wanazo, sikatai. Ila nilichokiona mimi kwa hii miaka sita nikiwa msaidizi wa mwalimu darasani (huko nyumbani nilifundisha msingi miaka minane, huku nimeanza chini, ndo maisha) ni kwamba hela peke yake ingeliwa na hedi mmoja mjanja.

Ngoja nieleze. Hao walimu wanaitwa RTLB, walimu wa msaada wa ujifunzaji na tabia. Mpango ulianza 1999, wako karibu elfu moja nchi nzima, na wengi wao ni walimu wazoefu wa darasani ambao wanasoma diploma ya juu miaka miwili huku wakiwa kazini. Hawahusiki na watoto wenye mahitaji makubwa kabisa, hao wana fungu lao na wataalamu wao wa wizara. RTLB wanashughulika na wale wa katikati, yule mtoto ambaye hana jina la ugonjwa, hana cheti cha daktari, ila kila mwalimu akipewa darasa lake anashusha pumzi.

Sasa kazi yenyewe inavyofanyika. Mwaka juzi darasani kwetu alikuwepo kijana wa miaka minane, jamani yule mtoto hakai. Ananyanyuka, anachonga penseli ambayo imeshachongwa, anaenda chooni, anarudi, anampiga mwenzie kofi la utani. Mwalimu wake kachoka mpaka machozi. Siku akaja RTLB, mama mmoja mtu mzima, kajikalia nyuma na karatasi na kalamu. Mi nikategemea atamwita mtoto nje aongee naye au ampime sijui nini, wapi! Kakaa pale asubuhi nzima anachora vijistari. Kila mtoto akinyanyuka, kistari, na pembeni anaandika saa na darasa lilikuwa linafanya nini. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akatuita mimi na mwalimu tukakaa na chai, akafungua ile karatasi, akauliza swali moja tu: mnaona nini? Vistari karibu vyote vilikuwa vimejaa kwenye dakika za mwanzo za kuandika. Kwenye hesabu hakuna. Kwenye kusikiliza hadithi hakuna. Mtoto alikuwa haikimbii shule, alikuwa anaikimbia karatasi nyeupe. Akaanza kupewa sentensi ya kwanza ikiwa imeanzwa nusu, anaimalizia, na ndani ya wiki chache kale ka utundu kakapungua mpaka tukakasahau. Na yule mama hakumfundisha yule mtoto hata dakika moja. Alimsaidia mwalimu, akaondoka.

Mimi ile jioni sikula vizuri. Nilimkumbuka kijana wangu wa darasa la nne huko nyumbani, simtaji, alikuwa na daftari safi kuliko wote. Mwandiko umenyooka kama umepigwa mashine. Nilikuwa namwekea vyema nyekundu kila siku, watoto 98, nani ana muda wa kumsikiliza kila mmoja akisoma? Upimaji wa darasa la nne ulipokaribia nikamwambia simama usome. Kimya. Nikadhani kiburi, nikamchapa. Kumbe alikuwa fundi wa kunakili tu, anachora herufi kama anavyochora nyumba, hajui hata moja inasemaje. Miaka minne! Na kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na viandikwe kwenye kitabu, mi sikuuliza ruhusa wala sikuandika. Huku viboko shuleni walifuta kisheria 1990. Sisemi hivyo kuwasifia, nasema kwa sababu fimbo ilikuwa ndo huduma yangu ya msaada wa tabia, sikuwa na nyingine na hakuna mtu wa kumpigia simu aje akae nyuma achore vistari.

Haya turudi kwa mdogo wangu na sentensi yake. Kumbe hata huku walishawahi kuumwa na kitu hicho hicho. Mwanzoni hawa walimu waligawanywa kwenye vikundi vidogo vidogo vya shule, klasta 199, kila klasta inajiendesha yenyewe na mahedi wenyewe. Unajua kitakachotokea. Walimu wa zamani wanasimulia mpaka leo, kwamba shule aliyowekwa ofisi ndo ilikuwa inamfaidi, mwalimu akiumwa hedi anamwomba RTLB "nishikie darasa leo tu", na shule ya mbali kule mashambani inamwona kama mwezi mwandamo. 2009 ofisi yao ya ukaguzi wa elimu ikachunguza jinsi hizo klasta zinavyoongozwa, na ikaonekana tofauti ni kubwa mno kati ya klasta moja na nyingine. Kuanzia 2012 wakazikunja zikawa 40 tu, kila moja kubwa, ina shule kiongozi ambayo bodi yake ndo mwajiri, na ina meneja wa klasta ambaye kazi yake ni hiyo hiyo tu. Shule ikitaka msaada inajaza ombi, maombi ya shule zote yanawekwa meza moja, wanaangalia nani ana shida zaidi, halafu anapangiwa mtu. Hedi wa shule kiongozi mtoto wake anaingia foleni kama wa wengine. Kimaandishi angalau, maana binadamu ni binadamu.

Na foleni ipo, msije mkadhani ni peponi. Mtoto anaweza kusubiri tem nzima. Fomu ni nyingi hadi mwalimu mwingine anaona bora avumilie. Na kuna wale wanaoangukia katikati, RTLB anasema huyu amezidi kiwango changu mpelekeni wizarani, wizara inasema hajafikia kiwango chetu mrudisheni, na wakati watu wazima wanarushiana barua mtoto anaongezeka urefu.

Halafu kuna sisi wageni. Niliitwa siku moja nitafsirie mama mmoja wa Kikongo, Kiswahili chake cha Bukavu, chetu cha pwani akikisikia anacheka. Shule ilimwandikia barua nzuri kabisa ya kuomba idhini mtoto wake aonwe na RTLB. Yeye kuona neno "tabia" kwenye tafsiri ya simu akaacha kumpeleka mtoto shule siku mbili. Ananiuliza taratibu, "Baba, banataka kufukuza mutoto wangu?" Nikamwambia hapana mama, wanataka kumsaidia mwalimu wake. Akanitazama kama namdanganya. Na mi namwelewa, alikotoka na nilikotoka ukiitwa shule habari za tabia hujaitiwa zawadi.

Sasa kwetu. Mi naona mifupa ya kitu hiki tunayo tayari. Tuna kata, na kila kata ina shule kadhaa na Afisa Elimu Kata, yule ambaye walimu bado wanamwita mratibu. Miaka ya LANES na EQUIP-T, ile miradi ya elimu ya wafadhili, walipewa hadi pikipiki. Huyo tayari ni mtu wa shule zote, hana darasa, anazunguka. Lakini akiingia getini nini kinatokea? Walimu wanafuta ubao haraka haraka, maandalio ya somo yanatolewa droo, wasiovaa vizuri wanajificha stoo. Anakuja kukagua, ndo kazi aliyopewa, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atamwambia mkaguzi "nina mtoto amenishinda." Tuna walimu wa elimu maalumu pia, wanaosomea chuo cha Patandi pale Arusha na kwingine, ila wengi wanafungiwa kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalumu, shule ya jirani kilomita nne haijui hata kama yupo. Au wanapewa Kiswahili la pili B, kama alivyosema mdogo wangu.

Kwa hiyo mi nikipewa nafasi ya kusema neno moja kwa wakubwa, sitaomba wajenge vituo wala wanunue vifaa. Ningesema mwalimu mmoja kwa kata, mshahara ule ule wa ualimu, nauli yake iwe na fungu lake isitoke kwenye ruzuku ya shule (shilingi elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka, utatoa nauli wapi hapo), asiwe chini ya hedi yeyote, na, hili ndo gumu, ripoti yake isitumike kumwadhibu mwalimu. Hilo la mwisho likikosekana atakuwa mratibu wa pili bila pikipiki. Mnaweza kunibishia kwamba shule zenyewe hazina walimu wa kutosha, utamtoaje mmoja akazurure. Ni hoja, na sina jibu la kuimaliza. Ila watoto 91 kwa mwalimu mmoja, ukimwongezea mwenzie wanabaki kama 46 kwa kila mmoja kwenye shule moja tu, wakati huyo mmoja kwenye kata angegusa shule tano.

Nilimpigia picha ile karatasi ya vistari, mfano mtupu usio na jina, nikamtumia mdogo wangu. Akajibu, "Karatasi tu? Nikadhani mashine." Nikamwambia chagua mmoja, yule anayekutoa roho zaidi, muombe mwenzio wa darasa la jirani akukalie nyuma siku mbili. Hakupatikana wa kukaa, ikabidi ahesabu mwenyewe huku anafundisha, kalamu moja chaki mkono wa pili.

Jana kanitumia ujumbe. "Kaka, wa kwangu anatulia vizuri tu mpaka saa nne. Baada ya hapo ndo balaa linaanza. Na shule yetu haina uji. Haya niambie, hiyo karatasi nimpelekee nani?"