Jina Kamili la Mary Ann Shadd

Wapo wanaosema kibao cha kumbukumbu ni heshima rahisi mno. Wakisoma kinachomtaja Mary Ann Shadd Cary, mpinga utumwa aliyezaliwa Wilmington, Delaware, mwaka 1823, wanauliza: gazeti lake, Provincial Freeman, liliandamwa na ukata tangu mwanzo hadi lilipokufa, si afadhali fedha za kibao ziende kwa magazeti ya Weusi yanayohangaika leo?

Hoja hii ina uzito, na Shadd mwenyewe huenda angeiunga mkono. Alizozana vikali na Henry Bibb, mchapishaji mwenzake, akipinga wakimbizi waliotoroka utumwa kuombewa misaada kila siku. Kwake, uhuru ulikuwa kujitegemea. Tena vibao hupenda neno "wa kwanza": mwanamke Mweusi wa kwanza kuchapisha gazeti Amerika Kaskazini. Ni kweli, lakini ugomvi wake, ambao ndio uliokuwa maisha yake, hukosa nafasi.

Ila kuna jambo wakosoaji hawa wanalipita haraka. Gazeti lilipoanza Windsor, Kanada, mwaka 1853, jina la mhariri lililotangulizwa lilikuwa la Samuel Ringgold Ward, mwanamume aliyejulikana, ilhali kazi aliibeba Shadd. Yeye alijiandika "M. A. Shadd" tu, na barua zikaja zikimwita Bwana. Mwaka 1854 akachapa jina lake kamili gazetini, akieleza kwamba hapendi kuitwa Bwana. Mwaka uliofuata alilazimika kumwachia mwanamume kiti cha uhariri, maana wapo wasomaji ambao hawakuvumilia mwanamke kukikalia. Alipoaga aliwakumbusha wanawake wenzake Weusi kwamba njia sasa imefunguliwa.

Mtu aliyefichwa nyuma ya herufi mbili hadaiwi fedha tu. Anadaiwa jina.

Na jina hilo halikupata raha hata kaburini. Shadd alifariki mwaka 1893, akazikwa katika makaburi ya Columbian Harmony, Washington. Mwaka 1960 ardhi ile ilihamwa: mabaki ya watu wapatao 37,000 yakapelekwa Landover, Maryland, bila mawe yao. Mawe mengine yaliishia kwenye kingo za mto Potomac, kuzuia mmomonyoko. Nimelifikiria hili mara nyingi. Watu 37,000, wengi wao wa jamii iliyonyimwa hata majina yake ya asili, wakazikwa upya bila alama. Mbele ya hilo, siwezi kukiita kibao kitu kidogo.

Nyumba yake ya mtaa wa W, Washington, ilitambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1976. Ni mji huohuo aliopata shahada ya sheria, Chuo Kikuu cha Howard, mwaka 1883, akikaribia miaka 60.

Kwa hiyo magazeti yasaidiwe, na vibao visimame. Ila kama nafasi kwenye kibao ni ya mistari sita, mmoja upewe tangazo la 1854, na neno "wa kwanza" ndilo lipishe.