Kabla ya kumwita Ngannou msaliti, tusome mkataba

Mapigano makuu ya Las Vegas yanapoanza, huku Malindi ni alfajiri ya Jumapili. Wanaokesha kuyatazama bado wanabishana kuhusu Francis Ngannou, Mkameruni aliyeondoka UFC, kampuni ya Marekani ya mapigano ya ngumi, mateke na mieleka ndani ya kizimba, Januari 2023 akiwa bingwa wa uzito wa juu. Wengine husema aliitupa kampuni iliyomjenga, wengine kwamba alidai haki yake. Wote wanapima moyo wa mtu, ilhali jambo lenyewe limo kwenye karatasi.

Mvuvi wa pwani hii aliyepewa nyavu na mashine na tajiri humuuzia tajiri huyo samaki wake, hata akitokea mnunuzi mwenye bei nzuri zaidi. Mikataba ya mapigano ya kizimbani hufunga vivyo hivyo. Kifungu kimoja humzuia mpiganaji kupigana kwingine mpaka amalize idadi ya mapigano aliyotia saini. Kingine humwongezea muda akitwaa mkanda wa ubingwa, kwa hiyo thamani yake inapopanda ndipo anapozidi kufungwa. Kibaya zaidi ni cha tatu: hata mkataba ukiisha, kampuni ya zamani ina haki ya kufikia dau la kampuni mpya, yaani kuahidi malipo sawa na yake, na kumbakisha. Mpiganaji Mmarekani Eddie Alvarez aliangukia hapo. UFC ilimtaka, Bellator, kampuni yake ya zamani, ikasema imefikia dau hilo, kesi ikaenda mahakamani 2013, naye akakaa zaidi ya mwaka bila kupigana.

Ngannou alichagua kusubiri. Alimshinda Ciryl Gane Januari 2022, akafanyiwa upasuaji wa goti, akauacha mkataba uishe. Alitaka bima ya afya na uhuru wa kuwa na wadhamini wake; yeye na UFC hawakuafikiana. Oktoba 2023 alimwangusha Tyson Fury kwenye ndondi, ingawa alishindwa kwa pointi.

Lakini kampuni nayo ina hoja, na si ndogo. Yenyewe ndiyo inayolipia matangazo miaka mingi kabla jina halijauza tiketi. Halafu kuna wapinzani: thamani ya mkanda ni watu uliowapiga kuupata, na wengi wa wale bora wako UFC. Ngannou alisaini na PFL, kampuni shindani, Mei 2023, na pigano lake la kwanza huko, dhidi ya Renan Ferreira, lilikuja Oktoba 2024. Kwa mpiganaji aliyepita miaka 35, muda huo haurudi.

Hata hivyo, uzito wa hoja uko upande wa uhuru wa kuhama, na sababu ni hesabu. Tuchukue mfano wa chipukizi anayelipwa dola 12,000 kwa kupanda kizimbani na nyingine 12,000 akishinda. Ameshindwa. Marekani hukata asilimia 30 ya kodi kwa mgeni, yaani 3,600. Meneja akichukua asilimia 15 ni 1,800, kocha asilimia 10 ni 1,200. Zimebaki 5,400, na bado hajalipia kambi ya mazoezi wala vipimo vya daktari. Akiumia, hakuna pigano jingine mpaka apone, na mkataba mara nyingi husogezwa mbele kwa muda huohuo. Kumnyima mtu huyu dau la jirani ni kumfunga mikono.

Kosa la vijana wetu ni kumwiga Ngannou wakati hawana mkanda wala jina. Njia ya kuiangalia ni ya Dricus du Plessis wa Afrika Kusini: alianza na kampuni ya EFC ya kwao, kisha KSW ya Poland, kisha UFC mwaka 2020, na ubingwa wa uzito wa kati Januari 2024. Anayesaini na promota wa hapa Kenya adai kifungu cha kuachiwa akiitwa na kampuni kubwa, kiandikwe siku ngapi za taarifa zinatakiwa, na haki ya kufikia dau ifutwe kabisa au iwekewe miezi maalumu. Promota akikataa yote matatu, basi asaini pigano moja tu, si manne.