Kiuno sawa, lakini msokoto wa tumbo la kichanga?

Mwandishi wa makala ninayoijibu anaisifu osteopathia ya Uingereza, yaani tiba ya kukanda na kunyoosha viungo kwa mikono, kwamba inafaa kwa kiuno na hata kwa maradhi ya watoto, ila amechanganya mambo mawili yasiyofanana. Kwa maumivu ya kiuno, kukandwa na kunyooshwa viungo kuna nafasi yake: mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unakubali, mradi kuambatane na mazoezi. Hapo sina ugomvi naye. Lakini kudai kwamba kubonyeza fuvu la kichanga kwa vidole kunatibu msokoto wa tumbo, pumu na maambukizi ya sikio, hapana jamani! Msokoto huanza wiki za mwanzo na kwa kawaida hukoma wenyewe mtoto akifika miezi 3 au 4. Mzazi aliyekesha na mtoto anayelia atalipa chochote, na mtoto akitulia sifa anapewa aliyemshika kichwa. Simon Singh, mwandishi wa sayansi, alipohoji madai kama hayo ya wanakairopraktiki (wanaotibu kwa kunyoosha uti wa mgongo) mwaka 2008, chama chao kilimshtaki kwa kumchafulia jina; 2010 Mahakama ya Rufaa ikampa haki ya kujitetea kwamba yale yalikuwa maoni yake, nao wakaiondoa kesi wenyewe. Mtoto wa pumu anahitaji dawa yake ya kuvuta. Akihema kwa shida, mkimbizeni hospitali, msingojee miadi ya mkandaji.