Mama anauguzwa na nani, nyinyi mnaotuma hela?

Kijana wa Lamu akituma hela kwa mamake mtaa mzima utajua. Mama mwenyewe atasema, jirani atasema, barazani watasema, fulani mashallah ana radhi za wazazi, yuko Doha lakini kila mwisho wa mwezi simu ya mamake inalia. Sawa, simnyimi mtu sifa zake. Ila hiyo hela ikishaingia nani anaenda kuitoa kwa ejenti, nani ananunua dawa za presha, nani anamgeuza mama asitoke vidonda vya mgongo, nani anaamka saa tisa za usiku kumbadilisha pampasi? Si huyo wa Doha. Ni dadake, ambaye barazani hatajwi manake yeye ati "yuko tu nyumbani".

Yuko tu nyumbani! Nyumba zetu za mawe mnazijua, ngazi zimesimama wima na nyembamba, kumteremsha mzee aliyepigwa na stroku kutoka ghorofani ni shughuli ya wanaume wanne na kelele juu, halafu vichochoroni gari haliingii kwa hivyo abebwe kwa kiti cha plastiki au mkokoteni mpaka hospitali, na wakisema apelekwe Mombasa basi ni boti mpaka Mokowe huko bara kisha ile safari ndefu ya barabara. Yote hayo huyo dada anayafanya na ana watoto wake wanataka chai, na mume kashaanza kununa.

Tukizungumza haki za wazazi tunaanza na Suratul Israa, aya ya 23, tusiwaambie hata "uff". Haswa. Lakini aya haikusema ni ya mabinti peke yao. Sisi mawaidha tunampa mvulana, kazi tunampa msichana, na kama hakuna msichana anabebeshwa mke wa mtoto, akilalamika ataambiwa hana adabu, ilhali masheikh wengi ukiwauliza watakwambia kumuuguza mama mkwe ni ihsani yake tu, wajibu ni wa mtoto mwenyewe aliyezaliwa.

Wachina wanasifika sana kwa kuwaheshimu wazazi, na karibu miaka 2,500 iliyopita mwanafalsafa wao Confucius alishawalalamikia watu wa zama zake kwamba wanadhani kumtendea mzazi wema ni kumlisha basi, akasema hata mbwa na farasi wanalishwa, sasa bila heshima tofauti iko wapi? (Ningekuwa na rangi ningeyaandika hayo kwenye ukuta wa duka la M-Pesa.) Siku hizi huko wameyaingiza mpaka kwenye sheria, tangu Julai 2013 mtoto anayeishi mbali anatakiwa awe anaenda kumtazama mzazi wake mara kwa mara. Huku kwetu Katiba ya Kenya kifungu cha 57 inasema mzee atunzwe na familia na serikali. Serikali ndio zile shilingi 2,000 za mpango wa Inua Jamii kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Familia ndio yule dada.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Zamani baba alikuwa anamjengea binti yake ghorofa juu ya nyumba yake, au nyumba ya pili yake na wikio, yaani daraja, likapita juu ya njia kuziunganisha, akiolewa bwana harusi ndiye anayehamia, binti hatoki ubavuni mwa mamake. Kumuuguza mama kulikuwa kwake, ndani ya nyumba yake. Sasa kazi imebaki na nyumba inaondoka, wageni wanazitaka, bei huku Lamu, Mkomani na Shela, haishikiki, mama akifariki hata arobaini haijafika kaka anapiga simu kuuliza mnunuzi kapatikana? Mafungu mawili kwa mwanamume na moja kwa mwanamke ni hukumu ya Mungu, sina neno nayo. Lakini mwanamume kapewa na mzigo wa kugharamia pia, huwezi kukumbuka mafungu yako mawili siku ya kwa kadhi tu.

Kwa hivyo wekeni zamu. Ndio, wanaume pia. Likizo yako usiimalize Shela na marafiki, njoo ulale chumba cha mama wiki mbili tatu dadako naye alale usingizi. Kumuosha utaona haya, naelewa, mlipe mwanamke aje aoshe, lakini kupika uji, kupanga foleni kliniki, kukesha, hayo yana haya gani? Na habari ya nyumba izungumzeni mama akiwa na akili zake timamu, watoto wote wakiwepo, kama kuna hiba, yaani zawadi mama anayoitoa angali hai, ya kumpa aliyebaki naye iandikwe mbele ya mashahidi na nyinyi wengine mridhie kwa ndimi zenu. Manake nimeshaona watu wanafika kwa kadhi wanataka dada yao apigiwe hesabu ya kodi, ati miaka yote hiyo amekaa bure.